Kabla ya isha: tunavyozima ugomvi wa vijana mtaani kwetu

Kuna methali tumelelewa nayo sote: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Nimeifuata miaka mingi, na usiku mmoja methali hiyo ilimgharimu mkono kijana wa jirani yangu.

Ilikuwa siku ya tatu ya sikukuu, huku kwetu Ng'ambo, mjini Unguja. Alasiri kulikuwa na mechi baina ya mtaa wetu na wenzetu wa upande wa pili wa barabara. Kijana wetu mmoja alizabwa kofi pembeni ya uwanja, watu wanaona, na mtu akarekodi. Kufika magharibi video ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini yake ni vicheko. Baada ya isha nilipita maskani nikitokea msikitini. Siku zote pale pana kelele: dhumna zinagongwa mezani, redio inaimba, watu wanabishana Simba na Yanga. Usiku ule redio ilikuwa imezimwa. Vijana kama kumi na tano wamekaa kimya, na mmoja ameegesha nondo mguuni. Nikatoa salamu, wakaitikia. Nikapita, nikaenda kula.

Saa tatu na ushei wakavuka barabara. Aliyekatwa hakuwa katika waliogombana. Alikuwa anajifunza kunyoa kwenye saluni ya upande ule, akasikia kelele, akatoka kuangalia. Yeye ni wa mtaa wetu sisi, lakini katika giza lile hakuna aliyemuuliza ni wa wapi. Panga lilimpata juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Vidole viwili havijakunja mpaka leo.

Nimekaa nikapiga hesabu ya siku ile mara nyingi. Kofi lilipigwa kama saa kumi na moja na nusu. Baina ya kofi na panga tulisali magharibi, tukasali isha, watu wazima wa mitaa yote miwili tukapeana mikono msikitini, na hakuna aliyefungua mdomo. Kila mtu alikuwa ameshika jembe lake.

Baadaye nilisoma habari za daktari wa Kimarekani, Gary Slutkin, aliyewahi kufanya kazi Somalia kupambana na kifua kikuu na kipindupindu. Aliporudi kwao, akaona mauaji ya mitaa ya Chicago yanakwenda kama maradhi ya kuambukiza: moja linazaa jengine, na linawapata kwanza waliokaribiana. Mwaka 2000 akaanza mpango wake katika mtaa wa West Garfield Park. Walitafutwa watu ambao vijana wanawasikiliza, wengine wao waliwahi kuishi maisha hayo hayo, wakapewa kazi ya kumfikia aliyeumizwa kabla hajalipiza. Kule tatizo ni bunduki, kwetu ni visu, mapanga na nondo, lakini nilipoisoma habari ile niliielewa mara moja, kwa sababu sisi wa Unguja kipindupindu tunakijua. Huwezi kusubiri mtaa mzima uugue. Unamfuata mgonjwa wa kwanza na waliokula naye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mengine yote: nenda siku hiyo hiyo, kabla ya isha. Mkutano wa Jumapili na viti vya kukodi hausaidii kitu kama damu imeshamwagika Ijumaa. Maskani ikinyamaza, simama. Ukiona vijana ambao kwa kawaida hawakai pamoja leo wamekaa pamoja, kaa nao na wewe.

Nani aende? Si sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Sheha ana kazi yake na tunamhitaji, lakini akitokea maskani usiku, vijana wanaona serikali imefika, na kila mmoja anameza lake. Kwetu tuko watatu: mimi, fundi pikipiki ambaye zamani alikuwa nahodha wa timu ya mtaa, na Bi mmoja anayeuza urojo penye kona. Huyo Bi ndiye mkubwa wetu. Vijana wa pande zote mbili wanakula kwake, wengine kwa mkopo, na kwenye benchi lake wanazungumza kama vile hayupo.

Nikuelezeni alivyofanya mara moja. Kijana alikuwa anapita mbio, shati limemtokeza kiunoni, na sote tulijua kilichotokeza ni nini. Bi akamwita kwa jina.

"Mwanangu, njoo kwanza. Umekula?"

"Bi, leo sina pesa."

"Nani kakuuliza pesa?"

Akamtilia bakuli limejaa, viazi, bajia, kachori, chatne juu, urojo unafuka moshi. Kijana akakaa. Bakuli la moto linataka mikono miwili. Alikaa pale dakika arubaini, na katika muda huo fundi alikuwa ameshavuka barabara kumtafuta yule aliyemtukania mama yake.

Ukishamkalisha, usianze na neno "samehe". Hapo wazee wengi tunakosea. Kijana aliyedhalilishwa mbele za watu anataka heshima yake irudi mbele ya watu wale wale. Muulize nini kimetokea, umwache amalize, hata akirudia mara tatu. Kisha tafuta namna ya kumrudishia. Siku ile aliyetukana aliletwa mpaka kwenye benchi la urojo, akaomba radhi wenzake wakisikia, wakapeana mikono. Na kama kuna video, aliyerekodi aifute mbele yenu, kisha aandike kwenye grupu lile lile kwamba mambo yamekwisha. Tukiiacha simu nje ya suluhu, ugomvi unafufuka kesho asubuhi.

Wako vijana wanaosema kukaa chini ni uoga. Huwa nawatajia tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Ikulu, baada ya uhasama ambao sisi wakubwa tuliuona kwa macho na uliokuwa umeua watu. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na karibu theluthi mbili ya waliopiga wakasema ndiyo. Waliokutana siku ile hakuna anayeweza kuwaita waoga. Wengi wa vijana wetu walikuwa wachanga wakati huo, na kama hatuwaambii sisi, sijui watayasikia wapi.

Mechi hatukuzifuta. Tulibadilisha timu: kila timu inachanganya vijana wa mitaa yote miwili, na fedha za zawadi tumeziondoa kwa sababu kila mwaka zilileta maneno. Mshindi anapata mbuzi, na mbuzi analiwa na wote, sinia moja watu sita, watatu wa huku na watatu wa kule. Ukitaka kujua wazo hili limetoka wapi, nenda Makunduchi Julai ukaangalie Mwaka Kogwa. Watu wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa migomba, wanatoa vinyongo vya mwaka mzima, halafu wanakula. Wazee wale waliipa hasira siku yake, uwanja wake na silaha isiyoua.

Habari ya ajira mnaijua, sina jipya la kuongeza.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulipita. Suluhu ina mpaka. Mtoto akiingiliwa, mwanamke akipigwa au kubakwa, hapo hakuna benchi wala urojo. Mtaani kwetu yamewahi kumalizwa chumbani mambo ya aina hiyo, familia mbili zimekaa, fedha zimetolewa, kwa sababu ya muhali: huyu ni ami yake, yule ni jirani wa miaka, tutatazamana vipi. Vijana wanaona. Kisha tunawaambia wasilipize kisasi kwa mikono yao, na wao wanajua kuna aliyefanya kubwa zaidi na anapita njiani kama kawaida. Tangu 2021 tunayo mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Kesi za namna hiyo ziende huko, na sisi watatu tumekubaliana kwamba yeyote atakayetuomba tusuluhishe jambo la aina hiyo tutafuatana naye mpaka kituo cha polisi.

Kijana wa saluni amerudi kazini. Anashika mashine kwa mkono wa kushoto. Nanyoa kwake kila baada ya wiki mbili. Inachukua karibu saa nzima, na nakaa.