Gari Linalia Nyuma? Vuta Hendibreki Kabla Hujanunua Spea

Wiki hii msomaji wa Sengerema kaniandikia: gari lake linagonga gurudumu la nyuma akishika breki, na fundi keshamwandikia beringi mbili. Nimecheka kwa uchungu. Hata mimi niliandikiwa beringi, zikafungwa, nikateremka mlima wa Bugando na mlio uko palepale. "Itazoea tu, bosi." Itazoea! Ile hela inaniuma mpaka leo.

Ukweli niliupata kwa hendibreki. Toyota kama IST, Vitz na Probox nyingi zina dramu nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu), na hendibreki inavuta breki shuu za nyuma peke yake, yaani vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Nilitoka nje ya mji, nikapita Kisesa, nikasubiri barabara iwe tupu. Mwendo wa taratibu, kitufe nimekibana, nikavuta kidogo kidogo. Tak! Mlio ukaja bila kugusa pedali. Beringi haina habari na hendibreki; yenyewe inaunguruma kadiri mwendo unavyopanda, ushike breki usishike.

Nikapiga jeki, nikaweka mawe kwenye matairi ya mbele (Mwanza kwa mawe hatujambo), nikashusha hendibreki, nikavua gurudumu. Dramu ikagoma kutoka. Jamani, acheni nyundo! Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za milimita 8, kaza hii kidogo, hamia ile, inajisukuma yenyewe mpaka itoke. Ndani nikakuta springi ya kushikilia shuu imekatika, na shuu imelila bati la nyuma (lile shuu zinaloegemea) mpaka pamechimbika mfereji. Nikikanyaga, shuu inanasa humo, kisha inaruka. Nilisugua kwa msasa, nikapaka grisi ya kuhimili joto, kiasi cha kucha, pale chuma kinapogusana na bati tu, nikafunga springi mpya. Kimya.

Vijana wenzangu, tunaweka rimu na spika za maelfu kwa maelfu, ila dramu hatujawahi kuifungua. Mlio wa asubuhi baada ya mvua ukiisha haraka ni kutu tu, endelea na safari. Chuma kusaga chuma, simama: shuu zimeisha na dramu inaliwa. Ukikuta umajimaji ndani, silinda (ile inayosukuma shuu kwa mafuta ya breki) inavuja. Shuu zilizolowa hazisafishwi, zinabadilishwa, kulia na kushoto pamoja. Vumbi lile usilipulize kwa mdomo, lilowanishe, maana shuu nyingine zina asbesto.

Na ukimwachia fundi kazi, mwambie akuite dramu ikishatoka. Spea za zamani uondoke nazo.