Maswali na majibu: vitabu huria na teknolojia katika ufundishaji wa vyuoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wahadhiri na wakufunzi wanaotaka kutumia vitabu huria, yaani vilivyotolewa kwa leseni inayoruhusu kuvinakili na kuvisambaza bure, bila kuvunja sheria wala kuwatwisha wanachuo gharama wasizoziweza. Nimezijibu moja baada ya nyingine.

Nafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza, Mombasa. Nimepakua kitabu cha bure mtandaoni. Je, naruhusiwa kukitoa fotokopi na kubadili mifano yake?

Mwalimu, fungua kwanza ukurasa wa haki miliki, kwa sababu kitabu kinaweza kupakuliwa bila malipo ilhali mwenyewe amehifadhi haki zote. Unachotafuta ni leseni ya Creative Commons, yaani idhini ambayo mwenye kazi huitoa mapema kwa watu wote akieleza wanaruhusiwa kuifanyia nini. Ikiwa ni ya aina iitwayo CC BY, unaweza kunakili, kubadilisha, kuchanganya na kazi nyingine na hata kuuza, mradi umtaje mwandishi, uoneshe leseni na ueleze kwamba umefanya mabadiliko. Herufi NC zikiongezwa zinazuia matumizi ya kibiashara. SA zinakutaka utoe toleo lako kwa leseni ileile. Na ND zinakuruhusu kusambaza kazi kama ilivyo, lakini si toleo ulilolibadilisha. Usidhani pia kwamba mchapishaji mmoja hutumia leseni moja. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani, ulitoa College Physics mwaka 2012 kwa CC BY, ilhali vitabu vyake vya Calculus vina masharti ya NC na SA.

Haki hiyo ya kubadilisha ndiyo ninayoithamini kuliko bei. Katika kitabu hicho cha fizikia kuna mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 62 anayeteleza kwa ski kwenye mteremko wa theluji wa nyuzi 25, na mwanafunzi anatakiwa kutafuta kizigeu cha msuguano (namba inayoonesha nyuso mbili zinakwaruzana kwa kiasi gani) akijua kwamba nguvu ya msuguano ni niutoni 45. Jibu ni takriban 0.08. Mwanachuo wa Mombasa atakokotoa bila shida, lakini hatakuwa na njia ya kupima kama jibu lina mantiki, kwa kuwa hajawahi kukanyaga theluji. Weka mahali pake gunia la mchele la kilo 50 linaloteremshwa kutoka kwenye lori kwa ubao wenye mwinamo uleule. Kumbuka tu kwamba kubadili maneno hakutoshi, kwani gunia juu ya ubao hukwaruza zaidi kuliko ski juu ya theluji. Ukiweka msuguano wa niutoni 180, kizigeu kitakuwa kama 0.4, na gunia bado litateremka. Kazi ya namna hii inahitaji mwalimu anayelijua somo na anayewajua wanafunzi wake, na hakuna programu itakayoifanya kwa niaba yake.

Wanachuo wangu wa ualimu, Tabora, wanalalamika kwamba video za mihadhara zinamaliza bando. Nifanyeje?

Malalamiko yao ni ya haki. Video ya saa moja iliyobanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde bado inafika megabaiti 225, wakati sauti peke yake ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde haizidi megabaiti 15. Rekodi maelezo yako kwa sauti, uyagawe katika vipande vya dakika kumi kumi, na uambatanishe kurasa chache zenye michoro. Video ibaki kwa mambo yasiyoeleweka bila kuonekana, kama vile jaribio la maabara.

Vilevile ongea na mtu wa maktaba kuhusu Kiwix, programu ya bure inayowezesha Wikipedia nzima, ikiwemo ya Kiswahili, kusomwa bila intaneti. Faili zinapakuliwa mara moja, zinawekwa kwenye kompyuta moja ya chuo, na wanachuo wanazifikia kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya hapo hapo bila kugusa bando.

Tuna kundi la WhatsApp la kila kozi. Kwa nini tuhangaike na Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni? (Mkuu wa idara, Eldoret)

Kwa matangazo, endeleeni na WhatsApp. Kwa kazi zinazosahihishwa, hapana: faili huzama chini ya salamu, anayebadilisha simu anaweza kuzipoteza, na mwanafunzi akidai aliwasilisha kazi kwa wakati hakuna kumbukumbu ya kuaminika. Moodle, inayotolewa bure tangu 2002, hutunza saa ya uwasilishaji, alama na maoni ya mhadhiri mahali pamoja.

Je, kuna zana huria kwa Kiswahili?

Zipo, ingawa ni chache mno. Mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Open University ya Uingereza na vyuo vya Afrika kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, una moduli za Kiswahili za kuwaandaa walimu wa shule za msingi. Mkufunzi wa ualimu ataanzia hapo. Katika masomo mengi ya shahada pengo ni kubwa, na linaniuma, kwa sababu vitini vizuri vya Kiswahili vimo katika kompyuta za wahadhiri wetu na haviwafikii wasomaji wa chuo cha jirani.

Nikivitoa vitini vyangu kwa leseni huria, si nitapoteza haki yangu?

Hapana. Creative Commons haihamishi haki miliki. Unabaki mwenyewe, na kila anayekitumia kitini chako analazimika kukutaja. Kuna tahadhari tatu, hata hivyo. Leseni ikishatolewa haiwezi kufutwa kwa waliokwisha kuipokea. Mkataba wako wa kazi unaweza kuwa unasema kwamba vitini ni mali ya chuo, kwa hiyo usome na uombe ruhusa kwa maandishi. Na picha ulizookota mtandaoni si zako kuzigawa. Ziondoe, au uchore upya. Ukishamaliza, weka pamoja na PDF faili inayoweza kuhaririwa, ya ODT kwa mfano, ili mhadhiri wa Mbeya au Bujumbura aweze kubadili mfano mmoja bila kukichapa kitini chote upya.