Fundi anajibu: Trekta kuukuu lenye loda, dalali anasema lipa leo

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Kibaigwa, nalima mahindi na alizeti eka kama 30 na nina ng'ombe kidogo. Kuna mzee huku anauza Massey Ferguson 240 la siku nyingi, mbele lina loda (ile mikono yenye ndoo ya kupakia), anataka mil 21 na anasema halina shida yoyote. Nataka nilimie mvua zikianza, kiangazi nipakie mchanga na samadi maana Dodoma ujenzi umekuwa mwingi. Dalali ananisukuma nitoe advansi wiki hii, eti kuna mtu wa Morogoro analitaka. Mi sio fundi, niangalie nini?
(Msomaji, Kibaigwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, mbukwenyi huko (ndo salamu ya Kigogo). Huyo mtu wa Morogoro namfahamu, kila trekta linalouzwa kanda hii yeye anakuja kesho asubuhi na hela mkononi na sijawahi kumuona hata siku moja. Usitoe advansi.

Sasa nikwambie kitu, watu wengi wakienda kuangalia trekta wanakimbilia injini, wanafungua boneti wanasikiliza mlio wanatikisa kichwa kama daktari. Kwa trekta la kulimia tu sawa, ila hilo lina loda, na trekta la loda linazeekea mbele na kwenye klachi wakati injini bado inadai. Hiyo injini ya Perkins ya silinda 3 ya MF 240 ni ngumu na spea zake sio za kutafuta kwa tochi, kwahiyo we anza mbele.

Piga hesabu kidogo. Mchanga mkavu mita 1 ya ujazo ina kama kilo 1,600. Ndoo inayobeba theluthi tu ya hapo tayari ni zaidi ya kilo 500, na ule wa korongoni uliolowa ni mzito zaidi. Alafu uzito wote huo unaning'inia mbele ya matairi ya mbele, yani eksel inabeba mzigo wenyewe na inabeba pia ule uzito unaohama kutoka nyuma, kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao. Eksel ya trekta la kuvuta nyuma tu haikuchorwa kwa kazi hiyo kila siku miaka 20. Simama mbele ya trekta uangalie matairi, kama yamepanua miguu kama ndama aliyezaliwa jana ujue hapo kuna gharama. Piga jeki katikati ya eksel, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza ni beringi au kingipini (ile pini tairi linapogeukia), alafu angalia pini kubwa ya katikati ambapo eksel inabembea, hiyo watu wanaisahau na ndo inayokula.

Uliza pia kama usukani una pawa. Kama hauna, kwa kulima utavumilia, kwa mchanga jioni hutaweza kushika kijiko cha ugali.

Baada ya hapo fuata fremu ya loda ilipofungwa kwenye trekta. Haya ma-Massey hayana chesisi kama ya lori, injini, gia boksi na difu zimefungwa pamoja kwa bolti na hizo zenyewe ndo uti wa mgongo, sasa loda ikivuta vibaya inachezesha maungio. Ukiona oili imechuruzika pale injini inapokutana na gia boksi, au bolti zimebadilishwa zingine mpya zingine za kutu, uliza mara mbili. Na rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ya mkono wa loda, kwaruza kwa kucha, chini yake kuna mtu alichomelea ufa. Ufa uliochomelewa vizuri sio mwisho wa dunia, ila uliofichwa ni kesi nyingine.

Haidroliki sasa, hapa chukua muda. Mwambie muuzaji ajaze ndoo mchanga kabisa, sio kuinyanyua tupu, tupu hata mi naweza kuinyanyua. Apandishe mpaka usawa wa kifua, azime injini, we weka alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda usubiri dakika 10. Ikishuka kidogo sana kwa trekta la umri huo nasamehe. Ikishuka ukiwa unaiona kwa macho basi sili za pistoni zimeisha au valvu ya kontroli inavujisha ndani, na valvu ndo ghali. Usiingize hata mkono chini wakati unasubiri, mwambie na dalali asogee. Kisha lifanyishwe kazi nusu saa oili ipate moto urudie jaribio lilelile, kwa sababu oili ya baridi ni nzito na inaficha mengi. Mi mwenyewe nilishaingia mkenge hivyohivyo, nilijaribu asubuhi baridi ile ya Julai nikalipa nikaondoka nacheka, jioni nikapaki ndoo ikiwa juu, asubuhi naikuta imelala chini imekunja dumu langu la dizeli.

Fimbo za silinda ziwe zinang'aa bila mikwaruzo, zikiwa na vidonda vya kutu utabadilisha sili kila mwezi. Pini na bushi utazijua hivi: ndoo ikae chini, mtu asogeze wenzo juu chini taratibu, we angalia kwenye maungio, chuma kikitembea kabla mkono haujatembea ndo imelika hapo. Na uliza loda inatumia oili ya wapi. Kama imeungwa kwenye haidroliki ya trekta lenyewe basi oili ni hiyohiyo ya gia boksi na difu, chomoa dipstiki, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia.

Klachi. Kupakia mchanga ni mbele nyuma mbele nyuma kutwa nzima, mguu hautoki kwenye pedali. Weka gia ya mwendo kasi, kanyaga breki zote mbili kwa nguvu, achia klachi taratibu: injini ikizima klachi inashika, ikiendelea kunguruma imekwisha. Kuibadilisha lazima trekta ligawanywe katikati, na kwa lenye loda unaanza kwanza kuishusha loda, kwahiyo fundi atakutajia bei mbili. Jaribu na rivasi likiwa na mzigo, ikiruka yenyewe gia imelika.

Injini kwa kifupi: fika likiwa baridi, gusa bloku, ukikuta lina joto mtu ameliamsha kabla yako. Moshi wa bluu usioisha linakula oili. Fungua kifuniko cha oili likiwa linaunguruma, likipumua kama treni ringi zimechoka. Na kwa vumbi letu la Kongwa usisahau ea klina (kichujio cha hewa), nyingi za zamani ni zile za bakuli la oili, ukikuta bakuli kavu au limejaa tope basi injini imekunywa mchanga. Udongo wa hapo kwenu ndo huohuo uliowashinda Waingereza na mradi wao wa karanga kuanzia 1947 mpaka 1951, kiangazi unakuwa kama tofali na vyuma vyao vikaliwa hapohapo Kongwa.

Makaratasi: namba ya chesisi ifanane na kadi, jina la kwenye kadi liwe la huyo mzee sio la marehemu kaka yake, na akuoneshe kadi yenyewe sio kopi, maana kadi ikikaa benki kwa mkopo utanunua deni. Mkataba mbele ya mwanasheria, alafu ubadilishe umiliki TRA usiache "nitaenda tu".

Mil 21? Kama mbele na klachi viko sawa, ongea. Kama eksel inacheza na ndoo inashuka, toa gharama za vyote viwili kwenye bei na usione aibu, na kama bado hatujafika Oktoba una nguvu, mvua zikikaribia mzee hatakusikiliza.

SWALI: Fundi habari, mi mama wa Bahi, nalima mpunga. Trekta ninalo tayari, fundi wa chuma hapa anasema ataniundia loda anichomelee. Nikubali?

JIBU: Salama mama. Kuunda mikono na ndoo anaweza, tatizo ni pa kufungia. Asichomelee kitu chochote kwenye injini wala gia boksi, chuma cha kumimina kinapasuka. Fremu ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya trekta na iwe na mikono inayorudi mpaka eksel ya nyuma ili mzigo usiishie mbele. Nyuma weka uzito, jaza maji kwenye matairi robo tatu au ning'iniza boksi la zege kwenye mikono ya jembe, bila hivyo ukibeba ndoo ya udongo kwenye kijaruba matairi ya nyuma yatakuwa yanapapasa tu. Na ukitembea ndoo iwe chini, usawa wa goti.