Jibu: Kidari cha kuku cha friza, chakula cha usiku cha haraka

Dada, umeuliza upike nini usiku kwa vidari vilivyoganda, bila gharama kubwa. Hapa Malindi jibu langu ni mchuzi wa nazi. Tafadhali usiviyeyushe kwa maji moto! Vitie kwenye mfuko usiovuja, uzamishe katika maji baridi, ubadilishe maji kila dakika 30. Nusu kilo huchukua kama saa moja. Vikate vingali vigumu kidogo, vipande vyembamba, viive upesi. Kaanga kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya na bizari, tia viazi na tui jepesi, kisha kuku. Akiiva hadi ndani, malizia tui zito, ukikoroga lisikatike. Kamulia ndimu. Viazi ndivyo vinavyofanya vidari viwili vitoshe nyumba nzima. Wali au chapati, vyovyote.