Hoteli ya kukwama na theluji, analipa nani?

Pole sana dada kwa huyo mdogo wako amekwama Chicago. Umeuliza kama kampuni ya ndege itamlipia hoteli, mi naona asitarajie, Marekani hakuna sheria inawalazimisha kama shida ni hali ya hewa, wengine watatoa vocha ya chakula kwa huruma tu, na pale uwanja wa ndege wa O'Hare huwa wanatandika vile vitanda vya kukunja watu walale. Lakini flaiti ikikanseliwa na aamue haendi tena, warudishe pesa ya safari hajasafiri, pesa si vocha, asidanganywe.

Angekwamia Ulaya ingekuwa afadhali, kuna sheria ya 2004 inaitwa EU261, hata kama ni theluji wakulishe na wakulaze mpaka upate ndege ingine, fidia ndo hawalipi. Mi nilikwama Frankfurt nikirudi Kisumu, foleni ya kaunta ilikuwa ndefu hata Huduma Centre ni nafuu, nikajilipia hoteli nikaweka risiti, walinizungusha weeh lakini walirudisha.

Mwambie akiwa kwa foleni apigie kampuni ya ndege simu pia, na asisahau dawa kwa begi ya mkononi.