Motokari mpya na dawa ya ralanti

SWALI: Papa fundi, jambo yenu. Nimenunua Hilux mpya, kabini mbili, ya esanse (petroli), vitesi (gia) za mkono. Imetembea kilometa 41 tu, kutoka dukani hadi kwangu Kampemba, hapa Lubumbashi. Mekanisye wa jirani ananiambia nisiitembeze kwanza: niiache ingurume ralanti, yaani imesimama bila kukanyagwa, parselini (uani kwangu) usiku kucha, siku tatu mfululizo, halafu amwage mafuta ya moteri ya kiwandani aweke mengine mazito, na mpaka kilometa 2,000 nisipite 60 kwa saa. Anaomba malipo ya kuilinda hizo siku tatu. Nami wiki ijayo nina safari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuchukua unga. Nifuate lipi?
Mama mfanyabiashara, Kampemba

JIBU: Mama, jambo. Kwanza kabisa, mnyang'anye huyo jirani ufunguo. Mengine yote ya barua hii yanaweza kungoja mpaka kesho, hilo haliwezi.

Maswali ya rodaje, yaani kuizoeza moteri mpya, hunifikia karibu kila wiki, na karibu kila mara ndani yake nakuta dawa ileile: ralanti. Wengine wameambiwa usiku mmoja, wengine siku mbili, wewe umepewa tatu. Na kila anayeitoa dawa hiyo anaitoa kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto mchanga: "Iache ijizoeze polepole." Moteri si mtoto mchanga. Kama kuna namna moja ya kuiharibu moteri mpya huku mwenyewe ukijiona unaitunza, ni kuiacha isimame inanguruma bila kazi.

Tazama kinachotokea ndani. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna segimenti, zile pete nyembamba za chuma. Ukuta wenyewe hautoki kiwandani laini kama kioo. Hupigwa mistari midogo inayokatana, kama mkeka uliosukwa mshazari, ili mafuta yapate pa kukaa. Segimenti mpya na mistari mipya havijajuana bado. Rodaje ni hilo tu: vilele vya mistari vinasagika kidogo, uso wa segimenti nao unasagika kidogo, mpaka vikae pamoja bila kupitisha gesi kwenda chini wala mafuta kwenda juu.

Sasa uliza: ni nini kinachoisukuma segimenti hadi ikamatane na ukuta? Wengi hudhani ni ule unyumbufu wake wa chuma. Upo, lakini ni mdogo. Kazi kubwa inafanywa na gesi yenyewe. Esanse inapowaka juu ya pistoni, presha inajipenyeza nyuma ya segimenti na kuibana ukutani kwa nguvu. Ukikanyaga aselerateri, presha inapanda na segimenti inasagika inavyotakiwa. Kwenye ralanti, mlango wa hewa umefungwa karibu wote. Moteri inapumua kama mtu aliyewekewa mrija mdomoni. Moto unaowaka mle ni mdogo, presha ni ndogo, segimenti inateleza tu juu ya mafuta bila kusaga chochote. Mafuta yanayobaki ukutani yanaungua taratibu, yanageuka kuwa kitu kama vanishi, yanajaza ile mistari. Mistari ikishajaa, hakuna rodaje tena, hata uitembeze hadi Kolwezi na kurudi.

Niliwahi kuletewa moteri ya namna hiyo, ya silinda nne, iliyofanyiwa matengenezo makubwa katika garaje moja ya hapa mjini: pistoni mpya, segimenti mpya, silinda zimepigwa mistari vizuri. Kazi ya chuma ilikuwa safi, siwezi kuidharau. Halafu wakaiweka ralanti siku mbili. Ilipofika kwangu ilikuwa inatoa moshi wa buluu kila ukinyanyua mguu na kukanyaga tena, na inakunywa mafuta kuliko lori. Nilipofungua kulasi, kichwa cha moteri, kuta za silinda zilikuwa zinang'aa, unaweza kunyolea ndevu humo. Segimenti zilikuwa bado na rangi ya kiwandani karibu uso mzima. Zilikuwa zimegusa ukuta kwa ukanda mwembamba tu. Tukapiga mistari upya, tukanunua segimenti nyingine na jwenti (gasketi) nyingine ya kulasi. Mwenye motokari alilipa kazi moja mara mbili, na mpaka leo anaamini kosa lilikuwa la segimenti.

Tuseme haki kidogo: dawa hii haikutoka hewani. Katika moteri nyingi za zamani, baada ya kuweka akisi mpya ya kamu, ile inayofungua vali, ilibidi uishikilie moteri kwenye mizunguko kama 2,000 au 2,500 ya kila dakika, kwa muda wa dakika zipatazo 20, mara tu inapowaka, kwa sababu kamu ilikuwa inapata mafuta kwa kurushiwa na krankshafti, ile akisi inayozungushwa na pistoni, na ralanti haikurusha ya kutosha. Angalia vizuri: kanuni ile ilikuwa ya kuikimbia ralanti. Imepita mdomo hadi mdomo, kutoka mwalimu hadi mwanafunzi wa garaje, "ishikilie" ikageuka "iache", dakika 20 zikageuka siku tatu.

Na zile 60 kwa saa pia ni urithi. Wazee wanakumbuka, katika nchi za Kifaransa za Ulaya motokari mpya ilibandikwa kibao kwenye kioo cha nyuma, "en rodage", maana yake usinipigie honi, natembea taratibu. Enzi zile vyuma vilichongwa kwa ukali zaidi, vikahitaji kilometa nyingi za kubembelezwa. Leo viwanda vinapiga mistari ya silinda na kuikata vilele kabla pistoni haijaingia. Sehemu kubwa ya rodaje uliinunua ikiwa imeshafanywa.

Kwako wewe basi. Kitabu kilicho ndani ya kisanduku mbele ya abiria kimeandika mambo machache, na hayo ndiyo ya kufuata. Toyota huomba, kwa kilometa 1,000 za kwanza, usiende mbio za kupita kiasi, usikanyage aselerateri kwa ghafla, usikae muda mrefu kwenye vitesi za chini, na usikae muda mrefu kwenye mwendo mmoja. Kwa kilometa 300 za kwanza usifunge freni kwa ghafla, maana nazo zina rodaje yake. Kwa kilometa 800 usivute trela. Hakuna mahali kilipoandikwa 60.

Hilo la mwendo mmoja ndilo watu huliruka, na ndilo linalokuhusu zaidi. Kwenda Kasumbalesa ni kama kilometa 90 za lami. Ukiweka vitesi ya tano na kushika 80 toka mwanzo hadi mwisho, umeipa moteri presha ileile na mizunguko ileile kwa saa nzima; haijifunzi kitu. Badilisha. Panda taratibu hadi 90, nyanyua mguu, iache motokari ijishushe yenyewe hadi 60 kwa nguvu ya moteri, kisha panda tena. Unaponyanyua mguu, pistoni zinavuta mafuta kidogo juu na kuosha unga wa chuma uliosagika. Sindano ya mizunguko icheze kati ya 2,000 na 3,500, na usiogope kuikanyaga kwa wastani. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa yenyewe imeshaipunguzia moteri nguvu kidogo. Cha kuogopa ni kinyume chake: kupanda kilima kwa vitesi ya tano kwenye 45, moteri inatetemeka kama mzee aliyebebeshwa gunia. Anayekulazimisha usipite 60 anakusukumia huko huko.

Kama unaweza, Jumapili moja asubuhi kabla ya biashara, itembeze tupu hadi Likasi na kurudi. Ni kama kilometa 240, zina vilima, zina vijiji vya kukufanya upunguze mwendo. Ukishafika Kasumbalesa baada ya hapo, chukua nusu ya unga unaouzoea. Kitabu kinataja trela tu. Nusu hii ni yangu mimi, niliyeona pikapu mpya zikirudi kutoka mpakani zimekaa matako chini. Na kwenye foleni ya malori ya shaba, ukiona hakuna anayesogea, zima. Saa tatu za ralanti huku klimatizeri inapuliza ni ile ile dawa ya jirani yako, tofauti ni kwamba hii hukuilipia. Vivyo hivyo umeme ukikatika nyumbani: usiwashe motokari mpya ili kuchaji simu za familia. Asubuhi, baada ya kuwasha, hesabu hadi 30, ondoka, nenda pole mpaka sindano ya joto ipande. Ralanti nyingine sina ya kukupa.

Mafuta: usimwage. Moteri yako haina uchafu wa kukimbiza kwenye kilometa 41. Kuna viwanda, Honda kimojawapo, vinavyoomba waziwazi mafuta ya kwanza yakae hadi muda wake. Mtu akiwa na wasiwasi akafanya vidanje (kubadilisha mafuta) kwenye kilometa 1,000, sitamgombeza, mradi aweke aina ileile iliyoandikwa kitabuni na atunze risiti kwa ajili ya garanti. Lakini mafuta mazito! Hoja yao ni kwamba sisi ni nchi ya joto. Waambie waamke saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba hapa Lubumbashi bila koti. Moteri za leo zina vinjia vyembamba, na mfumo wa kusogeza kamu unaendeshwa na presha ya mafuta hayo hayo. Mafuta mazito asubuhi ya baridi yanachelewa kufika juu, na muda ule wa kuchelewa ndio unaokula chuma.

Nina swali jingine linalonichekesha: mtu amenunua motokari ya okazyo, iliyokwisha kutumika, kutoka Japani, imeshushwa Dar es Salaam, usukani uko kulia, ananiuliza afanye rodaje ya kilometa ngapi. Ndugu, hiyo ilifanya rodaje yake wakati mtoto wako hajazaliwa. Hata kama kaunta inaonyesha 38,000. Hasa kama inaonyesha 38,000.

Wanaohitaji kusikiliza kweli ni wenye moteri zilizofunguliwa na kufungwa upya, maana hizo hazina kiwanda nyuma yake, zina mekanisye tu. Hapo mafuta yawe ya kawaida ya madini, bila bidhaa za kutelezesha, maana usipokuwa na msuguano kidogo segimenti haitakaa. Ikiwaka, ishikilie karibu na 2,000 kwa robo saa, jicho moja kwenye joto, jingine chini kutafuta matone. Zima, ipoe, pima maji na mafuta. Kisha barabarani siku hiyo hiyo: vitesi ya tatu, toka 40 hadi 80 kwa kukanyaga vizuri, nyanyua mguu mpaka irudi 40, mara kumi. Vidanje ya kwanza ifanywe ndani ya kilometa 100, ya pili kwenye 500. Hapa vidanje ya mapema ni ya lazima, kwa sababu ndani mna unga wa chuma na mafuta yaliyopakwa wakati wa kuifunga.

Fundi akikwepa safari hiyo ya barabarani na kukuambia ataiacha ingurume garajeni, muulize anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa ichemke njiani ukiwepo. Ndipo waganga wa moteri wanapoingia na chupa zao: chupa ya kuzuia moshi, chupa ya kurudisha ujana, mafuta ya buati ya vitesi (giaboksi) yaliyochanganywa ndani ya moteri ili inyamaze mpaka ulipe. Wengine huchanganya mafuta kwenye esanse kama ya pikipiki za zamani, eti yailainishe juu. Yanachafua buji (plagi), na kama eshapima, bomba la moshi, ina katalizeri, kichujio cha moshi, yanaiziba. Nimesikia hata hadithi ya poda ya kusugulia sufuria inayomwagwa kwenye karbireta ili "isage haraka". Inasaga, ndiyo. Inasaga na kusinzeti (beringi za krankshafti), na pampu ya mafuta, na kila kitu kilicho njiani.

Poda tunayo tayari, bure. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa vumbi letu jekundu linaingia kila tundu. Vumbi likipita filtre ya hewa iliyochakaa, au bomba lililofungwa vibaya baada ya filtre, linamaliza segimenti mpya kabla ya mwaka kwisha. Mama, hilo likague wewe mwenyewe: fungua kisanduku cha filtre kila baada ya kilometa 5,000 wakati wa kiangazi, na usikubali mtu aipulize kwa kompresa kwa nguvu hadi itoboke. Filtre ya kweli ikikosekana, ngoja ya kweli.

Mafuta pima kila unapojaza esanse hadi ufike kilometa 3,000, motokari ikiwa mahali tambarare na imezimwa dakika tano. Andika kwenye daftari. Kupungua kidogo mwanzoni si ugonjwa. Ikipita lita moja kwa kilometa 1,000, rudisha dukani na daftari lako, kabla mtu yeyote wa mtaani hajagusa bulo (bolti) hata moja.

Na jirani, kama ameshaleta mkeka wa kulalia parselini, mwambie arudi nao kwake.