Darasa zima linasoma, mtoto mmojammoja hasomi

Safari hii barua nyingi ni za kusoma na kuandika, nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu walimu wengi wanauliza kitu hikohiko kwa maneno tofauti.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha darasa la pili huku Geita, mkondo mmoja nina watoto 112 na wengine wanakaa chini. Nikiandika ubaoni tukasoma wote kwa pamoja wanasoma vizuri mno, mpaka mwalimu mkuu akipita dirishani anafurahi, ila nikimsimamisha mmoja asome peke yake anaangalia dari. Upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) unakuja na nina hofu. Nifanyeje, maana nikisema nimsikilize mmoja mmoja ntamaliza lini?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hao watoto hawasomi, wanaimba kwaya, na kwaya ikiwa na waimbaji ishirini wanaojua wimbo hao wengine wanafungua tu midomo. Kama huamini fanya hivi kesho. Andika ubaoni "Baba analima shamba", soma nao mara mbili tatu kama kawaida yenu, alafu futa uandike maneno yaleyale kwa kuyapangua, "Shamba analima baba", waambie wasome bila we kutangulia. Utasikia nusu ya darasa inapaza sauti "Baba analima shamba!" na kuna wengine watakuwa wanasoma huku macho yako nje kwa wanaocheza mpira. Hapo ndo utajua kiasi gani kimekaririwa na kiasi gani kimesomwa.

Sasa hilo la kumsikiliza mmoja mmoja, inawezekana mwalimu, tena bila kuongeza kipindi hata kimoja. Wape darasa kazi ya kuandika, we kaa pembeni na kikaratasi uite kumi kwa siku, kila mtoto dakika mbili hivi zinatosha. Kwa 112 ni kama wiki mbili na nusu. Kwenye kikaratasi weka silabi chache, maneno machache, aya fupi na kahadithi ka mistari saba nane, mtoto anapanda ngazi mpaka pale anapokwama na we unaandika jina lake na mahali alipokwamia, basi, hakuna maksi. Wale wa Uwezo, utafiti unaopima kama watoto wanajua kusoma, ndo walivyokuwa wanapima hivyo majumbani, Tanzania, Kenya na Uganda, na kipimo chao chenyewe kilikuwa cha darasa la pili tu.

Ukishapata hiyo orodha, panga watoto upya. Kule India shirika la Pratham ndo limefanya hili lijulikane, mtoto anakaa na wenzake wanaojua kiasi anachojua yeye, sio wa umri wake wala wa darasa lake. We huna madarasa matatu ya ziada najua, ila una kona tatu na una mti hapo nje. Kona ya silabi, kona ya maneno, na wale wanaosoma sentensi. Hao wa mwisho wape kitabu wasomeane wawiliwawili, mmoja anasoma mwingine anafuatisha kwa kidole, alafu wanabadilishana, na usiwageuze kuwa walimu wa kuzungusha fimbo maana nimeona shule nyingi kiranja anageuka polisi. We mwenyewe nguvu zako zote peleka kona ya silabi.

Kwenye hiyo kona angalia jambo moja. Walimu wengi bado tunawafundisha watoto majina ya herufi, be, che, de, alafu tunashangaa mtoto akikutana na "b" na "a" anasema "bea". Ana haki ya kusema hivyo, ndo tulivyomwambia! Mfundishe sauti, midomo inabana kidogo tu alafu inafunguka kwenye "a", ba. Na usiende kwa mpangilio wa alfabeti. Shika irabu tano kwanza zikae, a e i o u, alafu ongeza m, k na t. Kwa herufi nane tu mtoto wa Geita ambaye jana alikuwa anaangalia dari anasoma "Mama ameketi. Kaka ametoka." Hizo ni sentensi kamili, zina maana, na anajua kabisa kwamba kazisoma yeye. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba sauti ikishashikwa haibadiliki kila neno, ka ni ka popote utakapoikuta. Herufi zikate kwenye maboksi au ziandike kwa maka pen ndani ya vizibo vya soda, mtoto azisogeze kwa mkono wake, asogeze "k" aiweke mbele ya "a", aivute aipeleke kwa "u". Chaki na ubao peke yake hapo havitoshi.

Watakaokwama baadaye watakwama kwenye mwambatano, mb, nd, ng', ny, na zile ngumu kama nywa na mbwa. Zifundishe moja moja, usimwage zote kwenye wiki moja, na kabla ya kuandika wacha waisikie kwanza, ngoma na ng'ombe waseme kwa mdomo mpaka masikio yatofautishe.

Kusoma kwa pamoja usikufute. Sauti ikiwa mpya dakika tano za kwaya zinasaidia, hasa wale wenye aibu. Shida ni pale inapokula kipindi kizima. Najua pia mzigo wenyewe, mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ukabaki kwenye KKK hasa ili mpate muda, alafu 2016 elimu bila ada ikaanza, watoto wakamiminika na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mwalimu mkuu akipita dirishani akakuta darasa haliimbi, wengine wako chini ya mti na kona moja inabishana kuhusu vizibo, mwonyeshe orodha yako. Mwambie achague jina lolote umwite mtoto asome mbele yake.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu yuko la kwanza, anageuza b na d kila siku na daftari linarudi limejaa wino mwekundu. Anaandika kwa mkono wa kushoto na bibi yake anasema tumlazimishe wa kulia ndo itaisha. Ni kweli? (Mama wa Tanga)

JIBU: Sio kweli mama, na bibi mwambie kwa upole. Mkono wa kushoto hauna kosa, ukimlazimisha utampa kazi mbili kwa mpigo, kuhangaika na mkono na kuhangaika na herufi. Kugeuza b na d kwa mtoto wa miaka sita saba ni kawaida sana. Kinachowachanganya ni kufundishwa zote mbili siku moja, kwa hiyo nyumbani shika b peke yake mpaka izoeleke, d iache kwanza. Aichore kubwa kwenye mchanga kwa kidole, anaanza na mstari kutoka juu kushuka, alafu anaongeza tumbo, na wakati huohuo anatamka sauti yake. Wiki kadhaa baadaye leta d, hiyo inaanza na tumbo. Akifika la tatu bado anageuza na pia hawezi kuunganisha sauti, hapo mpeleke akapimwe macho na masikio. Hilo la wino mwekundu nenda kaongee na mwalimu wake taratibu, usiende umekasirika.

SWALI: Hujambo mwalimu. Niko Nakuru, nafunza Kiswahili gredi ya tano. Insha za wanafunzi wangu zote zinafanana, "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilichomoza, nilirauka asubuhi na mapema", kisha methali tatu kabla hata jambo lenyewe halijaanza. Nimechoka kusoma.

JIBU: Sijambo mwalimu, na pole, hilo jua limechomoza kwenye madaftari mengi. Lakini watoto hawana makosa, wameona wenzao wakipewa alama kwa misemo na wao wakaiweka kwenye daftari la kukariri. Ukitaka waache, badilisha unachokipa alama.

Kwa majuma machache waandike sentensi tano tu kuhusu kitu walichokiona wenyewe, foleni ya chakula cha mchana, matatu iliyokwama kwenye matope, mbuzi aliyeingia darasani, na sentensi ya kwanza iwe jambo lenyewe: "Mbuzi aliruka dawati la Kamau." Kabla ya kalamu wasimulie kwa mdomo kwa jirani, maana mtoto anayesimulia hawezi kuanza na jua kuchomoza, mwenzake atamwambia haya sema basi kilitokea nini. Alafu siku moja we mwenyewe andika ubaoni mbele yao, ukwame, ufute, utafute neno lingine huku ukisema kwa sauti kwa nini umefuta. Wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akiandika, wanaona tu insha iliyokwisha.

Kusahihisha nako chagua kitu kimoja kwa juma. Juma hili vituo na herufi kubwa, lijalo r na l, hapo wape imla ya kura na kula, mahari na mahali ndani ya sentensi, mengine yaache yapite hata kama mkono unakuwasha. Na lile daftari la misemo usilichome, waambie tu methali ni moja kwa insha, na aliyeiweka akueleze kwa mdomo imefuata nini hapo. Asipoweza aifute.